Mluzi wa Mkubwa

Karakanani, 12 Februari

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Najua umeshanipa shikamoo kabla hujafungua bahasha, kwa hiyo nimeipokea. Mimi mzima. Bibi yako mzima pia, magoti ndiyo yanamsumbua, ila mdomo uko imara. Baba yako anakusalimu, yaani alinitazama nilipokuwa natafuta kalamu, na wewe unamjua ndugu yangu, kwake huo ni ukurasa mzima. Mshonaji wa jirani ameongeza cherehani ya tatu na anajiita kiwanda.

Simu usinipigie. Imeingia mafuta. Halafu mambo ya chuma hayafai kusemwa simuni, yanatakiwa yaandikwe yasomwe mara mbili.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kiwanda cha saruji hapa bondeni kimetoa amri mpya: lori lisiloweza kuvuka mlima na mzigo kamili halitapewa zamu tena. Miaka yote baba yako amekuwa akipakia pungufu, na wenye kiwanda walikuwa wakifumba macho. Sasa wameyafumbua. Wametupa hadi mwezi wa kumi. Lile lori ndilo linalotulisha sote, na dereva wake hajui kazi nyingine wala hana mpango wa kuijua. Kwa hiyo nimeamua: litapanda, na litapanda limejaa.

Injini ni ileile, ilikuwa na turbo moja ya kuisukumia hewa. Ukiweka turbo ndogo, inaamka mapema chini ya mlima, lakini ukifika juu kwenye hewa nyepesi inakabwa roho. Ukiweka kubwa, huko juu ni raha tupu, lakini huku chini imelala kama mgeni aliyeshiba. Nikafunga zote mbili, Mdogo na Mkubwa, moja baada ya nyingine. Moshi wa injini unapita kwanza kwa Mdogo, unazungusha feni yake, halafu unakwenda kuzungusha ya Mkubwa ndipo utoke nje. Hewa inakwenda kinyume: Mkubwa anaivuta kutoka nje na kuibana, anampa Mdogo aibane tena, ndipo iingie kwenye injini. Kazi safi, nikisema mwenyewe, na nasema mwenyewe kwa sababu baba yako hasemi.

Tatizo ni moja tu. Mkubwa amelala. Nimekaa kwenye kiti cha abiria hadi kileleni, nimetoa kichwa dirishani mpaka macho yakajaa vumbi, na hajapiga mluzi hata mara moja. Turbo inayofanya kazi hupiga mluzi, hilo nilikufundisha kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Wala mimi si wa kuambiwa na mtu turbo inaliaje. Mtaa mzima hauniiti Fundi Masikio kwa kunipamba.

Nyumba ya feni yake ya moshi, lile chuma lililojiviringa kama konokono, ina namba ishirini na sita. Koo lake ni pana mno, moshi unapita kwa matembezi. Huko kwenye karakana yenu ya turbo mna lundo la nyumba zilizokwisha kutumika. Nitafutie ishirini na mbili ya umbo lilelile. Koo likiwa jembamba, moshi utakaza mwendo, na huyu bwana ataamka.

Kula vizuri. Ulipoondoka ulikuwa unapita kwenye tundu la sindano wewe mwenyewe.

Shangazi yako

*

Chumbani kwangu, 5 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na hii ni yangu mwenyewe, ile ya kwanza uliichukua bila ruhusa. Mimi sijambo. Chumba ni kilekile, juu ya duka la vioo, na kila gari kubwa likipita bidhaa zote za chini zinagongana nami naamka nikidhani nimevunja kitu. Kazini wamenitoa kwenye kuosha, wameniweka kwenye mashine ya kusawazisha feni. Naizungusha, natazama inapoelemea, nakwangua kidogo, nazungusha tena. Msimamizi wetu tunamwita Bwana Nusu, maana kila kitu kwake kimezidi nusu ya unywele. Ni mkali, lakini akikusifia mara moja unakula sifa hiyo mwezi mzima.

Nilipiga simu Jumapili. Ile simu iliyoingia mafuta iliita vizuri tu. Baba akapokea, nikamwomba akupe wewe. Nikakuuliza moshi una rangi gani. Ukanijibu, "Ndiyo, ndiyo, wote wazima," ukakata.

Nyumba ya ishirini na mbili nimeipata, haina ufa. Nimekuwekea na geji nne humo ndani, saa za kupimia presha na joto. Moja ifunge kwenye bomba la hewa kati ya Mkubwa na Mdogo. Ya pili kwenye hewa inayoingia injini. Ya tatu kwenye moshi kabla haujamfikia Mdogo. Ya nne ni ya joto la moshi. Najua utanuna. Lakini turbo mbili zinasikika kama moja, na huwezi kujua nani anafanya kazi na nani anakula bure mpaka upime katikati yao.

Mwambie bibi magoti ayapake mafuta ya moto. Baba mtazame kwa niaba yangu.

Mwanao,
Sindano

*

Karakanani, 29 Machi

Sindano,

Sote tunaendelea vizuri. Bibi yako amepaka mafuta na sasa analalamikia harufu. Juzi amezua jipya, eti mimi napiga kelele ndani ya nyumba. Nimekaa na injini tangu ujana, sasa nifundishwe kunong'ona na mtu ambaye redio yake inasikika hadi barabara kuu. Hiyo simu, usihangaike nayo, betri imevimba.

Nyumba nimefunga. Geji zako nzuri sana, zinang'aa, nimeziweka kwenye droo zisichafuke. Mwanangu, mimi nimetega nozeli, nimepanga vali, nimejua gia inayotaka kuvunjika kabla mwenye gari hajashuka, na yote hayo kwa sikio. Sitaanza leo kutazama saa ya ukutani ili nijue kama nina njaa.

Mkubwa bado amelala. Nimepanda naye tena mlima mzima. Namsikia ngurumo, nasikia gia, nasikia tela linavyogongagonga, lakini mluzi hakuna. Baba yako aliniambia, "Lori limekuwa zito kuliko mwanzo." Maneno matano kwa mpigo! Nikamshika paji la uso kuona kama ana homa. Moshi mweusi kidogo, ndiyo, na kibati cha eksozi kimekuwa chekundu kwenye kona ya tatu. Hiyo ni kwa sababu hewa haitoshi, na hewa haitoshi kwa sababu Mkubwa hajaamka.

Nitumie kumi na nane. Nimedhamiria kumwamsha huyu hata kama ni kwa kumbana pua.

Shangazi yako

*

Chumbani, 20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na bibi amepata mafuta yasiyonuka. Mimi mzima, ila wiki hii sikulala vizuri, na si kwa sababu ya vioo.

Nimeisoma barua yako mara mbili kama ulivyoagiza. Kuna kitu hakinikai. Kama Mkubwa alikuwa amelala kwa sababu koo lake ni pana, basi kulibana kungelifanya lori liwe jepesi, angalau kidogo. Baba anasema limekuwa zito. Baba hatupi maneno ovyo. Akisema zito, ni zito.

Nilimweleza Bwana Nusu bila kutaja ni lori la nani. Akaniuliza, "Presha ya moshi ni ngapi?" Nikasema sijui. Akaniuliza, "Presha ya katikati?" Nikasema sijui. Akanitazama kwa huruma, akasema basi mnachagua viatu gizani.

Nyumba ya kumi na nane naituma. Naituma kwa sababu wewe ndiye uliyenipa spana ya kwanza, na mkono wangu haujajifunza kukukatalia. Lakini nina sharti, na hii ni mara ya kwanza nakuwekea sharti maishani: toa zile geji kwenye droo. Funga zote. Niandikie namba zake kwenye kona ya tatu, lori likiwa limejaa na baba amekanyaga mafuta hadi mwisho. Bila namba hizo, hii ni nyumba ya mwisho kutoka kwangu.

Na mkiona joto linapanda sana, baba aachie mafuta. Tafadhali.

Mwanao,
Sindano

*

Karakanani, 18 Mei

Sindano,

Baba yako ni mzima. Naanza na hilo ili usisome mengine roho ikiwa juu. Amechubuka kiwiko na meno yake yote anayo.

Gasketi ya hedi, ile inayoziba kichwa cha injini, imepasuka mlimani. Lori lilikuwa limejaa, tuko kwenye kona ya tatu, mvuke ukatoka kila mahali, injini ikazima. Tukarudi nyuma kabla breki hazijashika vizuri, yeye akakata usukani tela likakita kwenye ukingo wa upande wa mlima. Angekata upande mwingine nisingekuwa naandika. Mimi nilikuwa pale pembeni yake. Alizunguka akanifungulia mlango. Bibi yako akikiona kile kiwiko analia, kisha ananitazama mimi.

Gasketi ilikuwa ya zamani. Nimeshabadilisha, na hedi nimeipeleka ikasawazishwa.

Sharti lako nimelitimiza. Kabla haijapasuka nilikuwa nazitazama hizo saa zako. Katikati ya Mkubwa na Mdogo: mbili na robo. Hewa inayoingia injini: mbili na nusu. Moshi: tano, na mshale umegota mwisho wa njia. Joto: mia nane, inapanda. Haya, umefurahi? Sasa nikuambie, geji zako ni za uongo. Zinadai Mkubwa ndiye anayesukuma hewa yote, na mimi nilikuwa nimekaa juu yake, madirisha yote wazi, sijasikia mluzi. Kati ya chuma cha dukani na masikio yangu, chagua unachokiamini.

Nitumie kumi na sita. Mwezi wa kumi uko karibu na mimi sijashindwa.

Shangazi yako

*

Chumbani, 6 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo habari za huku sina, nimezisahau zote. Mpe baba pole ya kiwiko. Mwambie nimeshukuru kwamba alikata usukani upande aliokata.

Namba zako ninazo mezani. Geji si za uongo, nilizipima moja moja kabla ya kuzifunga kwenye boksi. Hewa inatoka kwa Mkubwa ikiwa mbili na robo, inaingia kwenye injini ikiwa mbili na nusu. Yaani Mdogo anaongeza robo tu. Mkubwa hajalala, Shangazi. Anafanya kazi ya wawili, anakimbia mwendo wa kujiua. Sisi tumemkaba koo mara mbili, wewe kwa kuagiza na mimi kwa kutuma. Moshi ukakosa pa kutokea, ukarudi nyuma, ukamsonga Mdogo, ukaisonga injini, ukapasua gasketi na kumrudisha baba yangu kinyumenyume kwenye kona, nawe ukiwa pembeni yake.

Turbo inayosukuma hewa kiasi hicho haiwezi kunyamaza. Inapiga mluzi hadi mbwa wanatafuta pa kujificha. Mluzi ulikuwepo. Ulikuwepo tangu nyumba ya kwanza, ile ya ishirini na sita. Wewe hukuusikia.

Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta, nikaandika tena. Masikio yako hayasikii, Shangazi. Likizo iliyopita nilikuuliza chumvi iko wapi ukanijibu kwamba mvua imechelewa. Nikacheka, nawe ukacheka, tukaendelea kula. Simu yako haijaingia mafuta wala betri haijavimba. Ninakupenda kuliko ninavyoweza kukuandikia, na ndiyo maana namba kumi na sita sitaituma.

Ninachotuma ni hiki. Kwa Mkubwa, irudishe nyumba yako ya zamani ya ishirini na sita, ulichagua vizuri tangu mwanzo. Aliyebanwa kupita kiasi ni Mdogo. Kwake natuma feni ya moshi yenye mabawa yaliyofunguka zaidi, ili moshi utoke bila kupigana, pamoja na nyumba ya namba kumi na nne badala ya hiyo kumi na mbili yako. Nimeikereza mwenyewe nyumba hiyo baada ya kazi ili ikae na feni hiyo peke yake. Usiifunge na nyingine, itagusa. Feni nimeisawazisha hadi Bwana Nusu akaishika, akaizungusha, akairudisha bila kuona hata nusu ya unywele.

Ukishafunga, tazama, usisikilize. Mkubwa akupe moja na kitu. Injini ipate tatu. Presha ya moshi isiipite sana presha ya hewa. Wakigawana kazi hivyo, lori litapanda na joto halitafika mia saba.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiniambia.

Mwanao,
Sindano

*

Karakanani, 28 Juni

Sindano,

Sote wazima.

Niliomba nyumba ya turbo. Daktari sikuomba. Kifurushi nakirudisha kama kilivyokuja, sijafungua kamba. Lori limeegeshwa na nitalishughulikia kwa namna yangu, kama nilivyoyashughulikia magari ya watu kabla wewe hujazaliwa. Na koleo zangu ziko salama, ahsante.

Shangazi yako

*

Chumbani, 17 Julai

Shangazi,

Shikamoo.

Kifurushi kimefika. Nakituma tena. Ukikirudisha nitakituma tena, na tena, mpaka watu wa posta wakizoee na wakipe kiti. Uliniambia boliti iliyogoma haitukanwi wala haipigwi nyundo kwa hasira, inatiwa mafuta na kurudiwa. Basi narudia.

Msalimie bibi. Msalimie baba. Nawe nakusalimia, hata kama umenuna.

Mwanao,
Sindano

*

Karakanani, 25 Septemba

Mwanangu Sindano,

Marahaba, zote ulizonipa na ambazo sikuzijibu. Bibi yako hajambo, magoti yanakwenda na yeye anakwenda nayo hivyo hivyo. Kiwiko cha baba yako kimepona. Mshonaji amefunga ile cherehani ya tatu, wateja hawakumtosha, lakini bado anajiita kiwanda.

Kifurushi chako niliona haya kukirudisha mara ya pili, yule karani wa posta ameanza kunitazama kwa maswali. Nikakisukuma chini ya benchi. Kila nikiinama kuokota spana, nakiona. Nikawa naacha spana chini.

Halafu ikatokea hivi. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya gari la mteja nakaza boliti, na mteja mwingine akawa anarudi nyuma na lake kuja upande wangu. Akapiga honi. Akapiga tena. Mimi nakaza boliti. Mshonaji ndiye aliyetoka mbio akanivuta kwa nguo, tukaanguka wote wawili kwenye vumbi. Nikainuka, nikawatazama watu waliokuwa pale, nikaona usoni mwao kwamba hakuna aliyeshangaa. Mshonaji alikuwa anajua. Wateja walikuwa wanajua. Na baba yako, ambaye alikuwa amesimama pale na uso umempauka, nikaelewa kwa nini siku hizi hunigusa bega kabla hajanitazama. Siri yangu ilikuwa imefichika kwangu peke yangu. Niliona aibu, mwanangu, na baada ya aibu niliona uchungu ambao sijawahi kuuona, hata siku ya gasketi.

Jioni ile nilikaa na bibi yako nikamwambia, "Mama, sisikii." Akanishika kidevu, akanigeuza uso nitazame mdomo wake, akasema, "Najua. Unafikiri redio nimeipandisha kwa ajili ya nani?"

Nimekwenda kwa daktari, na hata huyo sikumwomba kwako. Anasema sauti nyembamba ndizo zimeondoka, nzito zimebaki. Nasikia injini ikinguruma, nasikia tela, nasikia baba yako akikohoa. Mluzi umekwenda. Ndege wamekwenda. Nawe una sauti nyembamba kuliko ndege. Simu haikuingia mafuta, Sindano. Nilikuwa naishika sikioni, najua umo ndani unaniongelesha, na mimi napata ukimya. Nikaona afadhali usipige kabisa kuliko kukusikia hivyo. Kilichokwenda hakirudi, daktari hakunificha. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Haya, la kwangu limekufa, lakini dawa nimeinywa mpaka tone la mwisho.

Langoni nimeandika kwa rangi nyekundu, herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara: FUNDI HASIKII. SIMAMA MBELE YAKE USEME. Nilidhani watu watakimbia. Hawakukimbia. Mmoja kasema afadhali, sasa nitaacha kumkata kauli.

Kisha nikakata kamba ya kifurushi chako.

Ile nyumba uliyoikereza nimeipitisha kidole ndani mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Feni nimeizungusha kwa pumzi tu, ikaenda na kuendelea kwenda. Sijakuambia hili tangu uzaliwe, kwa hiyo lisome mara mbili: kazi ile mimi singeiweza. Nimemrudishia Mkubwa ishirini na sita yake, nimemfunga Mdogo feni na nyumba mpya, nimepanga geji zote nne mbele ya kiti cha abiria. Hiyo kumi na nane nimeigeuza kizuizi cha mlango.

Jana tumepanda. Lori lilikuwa limejaa hadi springi zimelala, na mtu wa kiwanda alikuwa nyuma yetu kwenye gari dogo ili ashuhudie. Kona ya kwanza, Mkubwa nusu, injini mbili. Ya pili, mishale inapanda pamoja. Tulipoikaribia kona ya tatu nilikuwa nimeshika mlango, sikufichi. Niliona alama ya tela letu bado iko kwenye ule ukingo. Mkubwa akatoa moja na kitu. Injini ikapata tatu. Moshi tatu na kidogo. Joto mia sita na arobaini, likakaa hapo. Tukapita kona ile hatujashusha gia, na mtu wa kiwanda huko nyuma akawa anaachwa yeye. Zamu tumepewa, imeandikwa, ina muhuri.

Lakini hilo si la kukuandikia barua ndefu hivi. Tulipoipita ile kona nilimgeukia baba yako nikamwuliza, "Analia?"

Akatikisa kichwa, ndiyo.

Nikamwuliza, "Analiaje?"

Alinitazama, halafu akarudisha macho barabarani. Nikadhani ndiyo jibu nimeshapata. Kumbe anawaza. Ndugu yangu yule, mtu wa maneno matano kwa mwezi, akachongoa midomo na kuanza kupiga mluzi. Alianza taratibu, hiyo niliiona kwa mashavu. Kisha mashavu yakakaza, shingo ikatoka mishipa, nyusi zikapanda, nikajua Mkubwa naye amepanda. Akiishiwa pumzi anavuta nyingine anaendelea. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi. Hakuacha mpaka juu.

Namba za kuanzia pale hadi kileleni sikuziandika, utanisamehe. Nilikuwa namtazama ndugu yangu.

Shangazi yako